Mvule wa Mama Néhémie

Benchi la Godelieve liko nyuma ya soko la Baraka, na ukikaa hapo unaviona vilima vyote vilivyobaki uchi. Asubuhi hiyo miche ilikuwa inapelekwa kupandwa huko juu. Godelieve, muuza kahawa ambaye wote humwita Mama Néhémie, alikuwa na ombi moja tu: mche mmoja upandwe kichwani pa kaburi la mwanawe. Walimzika Néhémie wakiwa mbioni, wakati wa vita, chini ya mvule mkubwa, bila msalaba. Alama ilikuwa ule mvule, na siku hizi haupo. Wateja wake, kama kawaida yao, walikuwa wanabishana nani aliyemaliza msitu.

— Ni ile antene ya simu, alisema Darius, aitwaye Météo kwa kutabiri mvua isiyonyesha. Inafukuza mvula. Muti bila mvula itafanya nini?

— Antene haina shoka, alijibu Placide, mchoma makala, ule mkaa wa miti, wanayemwita Moshi. Miti ilikimbia vita sawa siye. Iko ku Ubwari, ngambo ya maji. Siku moja itarudi.

— Yote? aliuliza Météo.

— Yote! Na batoto yao!

Wakacheka. Godelieve hakucheka.

— We Moshi, mi nilikuomba uache ule muvule mumoja tu.

Moshi akainamia kikombe.

— Mama Néhémie, sikuukata. Nilikata ya pembeni. Ule ulibaki peke yake, upepo ukauangusha.

— Na kisiki?

Miti ilipoisha, watu walichimbua visiki na mizizi yake, wakachoma makala.

— Bantu balikuwa na njaa, mama, Moshi alisema polepole.

Godelieve alijua. Makala yale aliyanunua yeye pia, akachemshia kahawa hii hii. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Hapo akafika Cassilde, mkimbizi wa Burundi aliyepata kazi ya kupanda, amejitwika beseni la miche.

— Jambo, bazee. Mama Néhémie, mutoto iko fasi gani? Nitaanza na yeye.

Météo alinyoosha kidole upande wa bonde. Moshi alinyoosha upande mwingine kabisa, kisha akaushusha mkono. Godelieve alikitazama kilima kutoka mwanzo hadi mwisho. Kote kulikuwa kunafanana tu, na machozi yakamtoka mbele ya wateja.

— Hatujue, alisema. Panda fasi yote, Cassilde. Ila muchimbe polepole.