Cha Bure Kina Mwenyewe

Yalianza Jumanne, tarehe 12 Machi 2019, saa kumi na moja kasoro dakika tano jioni, Old Kampala, mkabala na shule. Pale Zubaida, Mnubi mwenye birika jeusi na ulimi mwepesi, huuza kahawa ya tangawizi mbele ya benchi la mvule, na wateja wake hulikalia wakiamua mambo ya dunia. Mwalimu Rukiah alifika amekumbatia karatasi nne kama mtu aliyebeba mayai. Kesho saa mbili mwalimu mkuu angekaa nyuma ya darasa lake la nne, amsikilize akifundisha Maarifa ya Jamii, kisha aamue kama miezi yake mitatu ya majaribio imefaulu. Watoto sabini na mmoja, kitabu kimoja, na kitabu chenyewe kimechanika kuanzia ukurasa wa thelathini hadi wa arobaini na nne. Somo alikuwa amelitoa mtandaoni.

— Umelipia? aliuliza Spika, mwendesha boda wa Bwaise, mtaa wa mafuriko, ambaye r na l kwake ni mapacha.

— Hapana, ssebo, bwana wangu. Ni la bure. Wameandika hapa: tumia, badilisha, mpe mwenzako. Nawashukuru hata siwajui.

— La bule? Mwalimu, chema chajiuza. Hilo haliuzwi, basi si chema.

— Methali haina maana hiyo, Spika.

— Methali nayo ni ya bule. Naitumia ninavyotaka.

Valère, kinyozi wa Butembo, Kongo, wanayemwita Patron, yaani bosi, aliweka kikombe chini.

— Minajua bintu bya bure, mimi. Mu kambi ya wakimbizi walitupatia blanketi. Kesho yake wakaja kutuhesabu. Mwenye kutoa bure anatafuta hesabu ya watu.

— Ya watoto wa darasa la nne?

— Hao ndio watadumu.

— Mimi naona mbali zaidi, alisema Spika. Lete hiyo lamani iliyo kwenye kalatasi zako. Unaona? Mji una theluji, una chemchemi ya mawe katikati. Watoto wataupenda. Wakikua wataenda wote, Bwaise ibaki tupu, wenye somo waje walime mpunga.

— Mpunga Bwaise?

— Kwani maji hayapo?

Zubaida alicheka mpaka kahawa ikamwagikia sahani.

— Kale, basi, mwacheni mwalimu anywe. Mnamtia homa bure.

Rukiah hakuogopa hesabu wala mpunga. Aliogopa ile chemchemi. Somo liliwataka watoto wachague kitu kinachotumiwa na mtaa mzima, kisha waulize kilifikaje hapo. Mfano ulikuwa chemchemi ya mji wa mbali. Mtaani kwao haikuwapo. Achore nini ubaoni?

Ndipo akaja mwanamke mwenye furushi la vitenge kichwani. Anaitwa Kavugho, alisema. Amefika juzi kutoka Kongo, na miguu imemwisha.

— Jambo yenu. Hii benchi iko ya nani? Nimuombe kwanza, ndio nikae.

— Ya Zubaida, alisema Spika.

— Yangu? Mimi niliikuta hapa mwaka themanini na saba, nilipoanza na birika. Nikadhani ni ya msikiti.

— Mimi nilisema ya wale Wahindi wa duka, alisema Patron.

— Wenye duka walinikuta mimi.

Spika alijisogeza kidogo, kama mtu aliyegundua amevaa shati la mwenzake.

— Miaka thelathini na miwili, alisema Zubaida polepole. Tumekalia cha bure, tunakisema cha mwalimu.

Patron alisimama, akapangusa mahali pake kwa kiganja.

— Kaa, mama. Aliyeiweka hakutuhesabu.

Rukiah alifungua kalamu, akaikata ile chemchemi kwa mstari mmoja.

Kesho yake saa moja na nusu alilifuta benchi umande, akalipima kwa rula: sentimita mia moja themanini na nane. Saa mbili alilichora katikati ya ubao, na chini yake akaandika swali la Kavugho: Ni la nani? Mikono ikapanda. La Mama Zubaida. La msikiti. La serikali. Aliyaandika yote.

— Mimi siku zote nilidhani ni la shule, ilisema sauti kutoka nyuma.

Alikuwa mwalimu mkuu. Kalamu aliyokuja kumpimia ilikuwa imelala mezani.

Rukiah aligeukia ubao, akaandika na hilo.