Anyosisye Mwandemele na Gitaa la Matangazo ya Vifo

Ifikapo Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Mzee Anyosisye Mwandemele atazima mitambo ya Redio Mbaka kwa mara ya mwisho akiwa mtumishi wake, baada ya miaka ishirini na sita ya kuiwasha. Kamati ya sherehe imeniomba niandike maneno machache ya kuchangamsha. Nimejaribu. Ila naomba mnielewe: kazi ambayo watu wengi wanamkumbukia Mzee huyu, na ambayo mimi, msomaji wa matangazo, nimekaa naye nikiifanya kioo kikiwa katikati yetu, ni kutangaza vifo.

Alizaliwa Itungi mwaka 1965, mtoto wa mwisho wa mpakia mizigo wa bandarini. Kabla ya kuja kwetu alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio pale Bondeni. Mwaka 1999 kituo kilipoanza, meneja wa kwanza alimpelekea meza ya kuchanganyia sauti iliyokuwa imeungua. Akaitengeneza, akaja kuifunga, na hakurudi tena kibandani. Hakuna anayekumbuka kama aliwahi kuandika barua ya kuomba kazi.

Mambo yake yanajulikana. Hataki tope studio, na Kyela ni nani asiye na tope? Ndiyo maana watangazaji wote wa Redio Mbaka, wageni wa heshima na wachungaji wakiwemo, husoma mbele ya kipaza sauti miguu peku. Mwaka ule mafuriko yalipoingia ndani, alipandisha mtambo wa kurushia matangazo juu ya meza, kisha akampandisha na meneja, kwa mpangilio huo huo. Aliyepandishwa ni meneja wetu wa sasa, Bwana Jackson, naye anasema hajawahi kuhisi yuko mahali pake kazini kama siku ile.

Sasa nije kwenye gitaa.

Mzee Anyosisye alikuwa na kaka, Asajile, aliyemtangulia kwa miaka kumi. Asajile alipiga gitaa la solo na kuimba katika bendi ya Nyuki wa Kusini. Vijana wa nyanda hizi wakati ule walikuwa na muziki wao waliouita roki ya kusini: magitaa mawili yanayokwaruza, ngoma nzito, na mashairi ya Kiswahili yenye lafudhi ya kwetu isiyojificha. Mwaka 1979 walivuka mpaka wakarekodi Zambia santuri moja tu, Barabara ya Ipinda. Iliuzwa kidogo, ikapigwa kwenye madansi kuanzia Tukuyu mpaka Karonga, kisha vyombo vikachakaa na wapigaji wakarudi kwenye mpunga na kakao.

Asajile alifariki mwaka 2003 kwa malaria. Mdogo wake alikuwa zamu. Siku hizo matangazo ya vifo tulikuwa tunayasoma makavu, bila mlio wowote. Mzee Anyosisye alikwenda nyumbani, akachukua santuri ya marehemu, akaweka mwanzo wa wimbo wa kwanza, lile gitaa linaloingia peke yake, likalia kidogo, akalishusha, na mtangazaji akasoma jina la aliyelipiga. Ilikuwa njia yake ya kumuaga kaka. Alikusudia iwe siku ile tu.

Siku ya pili ikaja familia kutoka Bondeni na msiba wao. Wakaandikisha tangazo, kisha wakauliza, na baba yetu hawekewi lile gitaa? Utamwambia nini mfiwa? Akaliweka. Familia ya tatu haikuuliza hata kidogo, ilijua ni utaratibu. Toka hapo, kwa miaka ishirini na miwili, hakuna mtu aliyekufa kati ya Ipinda na ziwa ambaye Asajile hakumpigia gitaa.

Wenyeji hawahitaji kuelezwa, lakini wageni wa sherehe hii waelewe. Gitaa lile likilia, mwenye jembe analiweka chini na mwenye duka anapunguza sauti za wateja. Kina mama wanajifunga kanga kiunoni kabla jina halijatajwa, kwa sababu lazima marehemu atakuwa wa mtu. Kuna kijana wa kupiga muziki aliyekodiwa kutoka Mbeya, hajui hili wala lile, akauweka wimbo huo kwenye harusi pale Ipinda. Mama wa bibi harusi alianguka chini akilia kabla hajajua anamlilia nani. Pilau ilipoa, na yule kijana alisindikizwa mpaka stendi.

Mzee Anyosisye alipohadithiwa hakucheka. Alisema tu kwamba kaka yake alikuwa mtu wa kuchekesha watu. Nilianza kumwelewa hapo. Kila siku alikuwa akilishusha gitaa sehemu ile ile, kabla tu Asajile hajafungua kinywa kuimba. Sababu aliyotupa ni ya kikazi, kwamba sauti mbili zingegongana na jina la marehemu lisisikike. Mimi nilikuwa namwona usoni kupitia kioo, na sikuiamini sana sababu hiyo.

Mwezi wa nne mwaka huu alikuja Mzee Lameck kutoka Karonga, mpiga besi na mtu pekee aliyebaki hai katika Nyuki wa Kusini. Alikuwa na santuri mpya mkononi. Wakusanyaji wa muziki wa zamani huko ng'ambo walikuwa wameipata kanda ya asili, wakaisafisha sauti upya na kuitoa tena Barabara ya Ipinda, jalada lile lile, picha ile ile ya vijana watano wenye suruali pana juu ya lori la mpunga.

Tuliisikiliza watu watatu, mlango umefungwa, tuko peku. Jamani, ule muziki! Santuri ya zamani ilikuwa inakwaruza kama vitumbua vinavyokaangwa, na besi haikusikika kabisa, hata watu wakawa wanamtania Mzee Lameck kwamba alishikishwa gitaa kwa ajili ya picha. Sasa besi ilitoka nzima nzima, inatembea chini ya wimbo bila haraka. Mzee Lameck alinyoosha kidole kwenye spika na kusema, "Mnaisikia? Miaka yote hii mliniona mwongo." Gitaa la pili, ambalo mimi nilidhani ni mwangwi wa la kwanza, kumbe lilikuwa linajibizana nalo, hasa upande wa pili wa santuri, kwenye wimbo wa polepole unaoitwa Mvua Haijakata, ambako magitaa mawili yanabishana mpaka moja linanyamaza kwa hasira. Kuna mguu wa mtu unahesabu mapigo sakafuni. Na mwisho wa wimbo wa tatu, mahali ambapo zamani palikuwa na mkwaruzo mtupu, Asajile anamwambia mpiga ngoma, "Gwe, wewe, unakimbilia wapi?" halafu anacheka.

Fundi wetu hakukosa la kulaumu. Alisema ngoma wamezivimbisha, na sauti ya kaka yake wameisafisha mpaka wameichubua, kama nguo iliyotiwa sabuni nyingi. Alirudisha sindano kwenye kile kicheko mara nyingi. Kisha akatuambia waziwazi anachotaka. Hakutaka godoro wala bati za kuagwa nazo. Alitaka, kabla hajaondoka, wimbo wa kaka yake utolewe kwenye matangazo ya vifo na upigwe redioni kama muziki, mzima, watu wa Kyela wamsikie Asajile akiwa hai walau mara moja. Alisema ndiye aliyemfunga humo na anataka amfungue mwenyewe.

Tulikubali wote. Kwa wiki nzima tulitangaza kwamba Jumamosi saa tatu asubuhi tutapiga albamu iliyosafishwa upya ya Nyuki wa Kusini. Tulijiona tumemaliza kazi. Watu wa redio tuna ugonjwa wa kudhani tukishasema, basi watu wamesikia.

Jumamosi ikafika, gitaa likaingia. Kanga zikafungwa, maduka ya Bondeni yakashusha milango nusu. Watu wakasubiri jina. Jina halikuja. Gitaa likaendelea, likafuata sauti ya mtu anaimba, jambo ambalo halijawahi kutokea, na bado hakuna anayesoma. Wakatafakari, na kwa akili zao timamu wakafikia uamuzi mmoja: ikiwa gitaa linalia na hakuna wa kusoma jina, basi aliyekufa ni msomaji. Yaani mimi.

Kabla upande wa kwanza haujaisha, getini kulikuwa na umati, ndizi mbichi vichwani na mchele kwenye vikapu, vilio tayari. Nilitoka kuwaeleza. Dada mmoja aliyenijua alitupa kikapu akakimbia mpaka barabarani. Shangazi yangu wa Malawi alikuwa ameshavuka mto Songwe tulipompata kwa simu, na alinigombeza kana kwamba kutokufa kwangu ni uzembe. Tulicheka siku ile, mimi sikatai. Mzee Anyosisye alikuwa amesimama mlangoni na jalada la santuri kifuani, na yeye hakuwa anacheka.

Katika waliokuja alikuwamo Bibi Tupokigwe, mama mtu mzima wa Ipinda, aliyeletwa na bodaboda. Alipohakikisha mimi ni mzima, alikaa kwenye ngazi na kuomba wimbo urudiwe. Alisema gitaa hilo limemlilia mume wake na watoto wake wawili, na leo ndiyo kwanza anajua kwamba kuna mtu anaimba. Tukaweka spika dirishani. Wimbo wenyewe, kwa wasioujua, unamhusu kijana anayekwenda Ipinda kumwona msichana. Mnyororo wa baiskeli unakatika, mvua inamkuta, anafika anafanana na nguruwe, na msichana anamfungia mlango. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akajifuta macho.

"Ni kijana mzuri," alisema. "Ndaga fijo, tata, asante kwa kutupatia. Lakini msimtoe. Hilo gitaa si lenu tena, ni la marehemu wetu."

Mzee Anyosisye alimwinamia kwa heshima, akamsaidia kupanda bodaboda, na hakubadili msimamo. Jumanne ilipokuja taarifa ya msiba, akaweka mlio mpya wa kinanda, mtulivu na wa kupendeza. Nikasoma jina. Alikuwa Mzee Hezroni wa hapa mjini, mtu wa watu, aliyelima kakao na kuzika wenzake maisha yake yote. Siku ya mazishi walifika majirani zake, kwaya yake, na ndugu wachache. Wengine walisikia kinanda wakadhani ni kipindi cha dini, wakaendelea na shughuli zao. Nyie mnajua maana ya mzee wa Kyela kuzikwa na watu wachache. Wanawe walikuja ofisini hawana hata sauti ya kugomba. Mkubwa wao aliuliza kitu kimoja tu, baba yao aliwakosea nini.

Sijawahi kumwona Mzee Anyosisye vile. Alikwenda na wale watoto mpaka kaburini, akarudi jioni na udongo miguuni, akapita nao studio bila kunawa. Alikaa mbele ya mitambo muda mrefu. Tulitaka kumwambia si kosa lake, lakini ni nani kati yetu angemwambia na akaamini? Alikuwa amemfungua kaka yake kwa siku nne, na gharama yake akailipa mtu mwingine ndani ya jeneza.

Tangazo lililofuata, santuri ilikuwa imerudi mahali pake. Nilikaa na karatasi yangu, nikasubiri ishara. Gitaa likaingia, safi kuliko tulivyolizoea, na Mzee Lameck wake huko chini anatembea. Ikafika sehemu ile ya siku zote. Mkono wa Mzee Anyosisye ulikuwa kwenye kitufe cha kushushia, nami nikavuta pumzi nisome, na mkono haukushuka. Asajile akaimba. Aliimba ubeti mzima, baiskeli, mnyororo, mvua na yote, na Kyela yote ikamsubiri amalize. Ndipo yule mdogo wake akamshusha taratibu, akaninyooshea kidole, nami nikasoma jina la marehemu kwa sauti ambayo haikuwa nzuri sana.

Hakuna aliyelalamika. Mazishi yalijaa. Toka siku hiyo ndivyo tunavyofanya, na wazee wanasema waombolezaji wengine sasa huimba ule ubeti njiani kwenda msibani, wanatabasamu kidogo, kisha wanaanza kulia. Alichoomba hakukipata. Alipata ubeti mmoja, na tumemwahidi kwamba fundi atakayekalia kiti chake hataugusa.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa mitambo uliyoilinda kuliko mameneja, kwa sakafu safi, na kwa heshima uliyowapa wafu wa wilaya hii bila kuchagua tajiri wala maskini. Tumehuzunika kwamba unaondoka, na hatuoni sababu ya kuficha. Nenda Itungi ukapumzike, ule wali mpya, ukae na Mzee Lameck mbishane ngoma zimevimba au hazikuvimba. Mungu akupe miaka mingi ya kutusikiliza na kutulaumu. Na siku ya kusomwa jina lako, ambayo tunaomba iwe mbali sana, wimbo wa kaka yako tutauacha mpaka mwisho, hakuna atakayeushusha, na atakayetaka kujua nani amekufa atasubiri.

Nancy Mwakibete
Mtangazaji, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Redio Mbaka