Unga Uliokuwa Chini ya Chupa

Zimeni hiyo redio, wanangu, mfunge na mlango, kisha mkae mahali ninapoweza kuwaona wote wawili. Wewe dada mtu kaa hapa miguuni pangu, na wewe mdogo wake vuta kile kiti, na begi lako la kazi uliweke chini taratibu, maana nimesikia chupa zikigongana ulipoingia, na mlio huo ndio ulionifanya niseme leo badala ya kesho. Daktari kanipa siku za kuhesabu vidoleni, na pumzi yenyewe mnaiona inavyonikimbia. Nitakayoyasema ni ya aibu. Msinikatize, kwa sababu nikinyamaza katikati nitapata kisingizio cha kutoendelea, na kwa visingizio mimi ni fundi.

Mali ni chache, tuimalize haraka. Nyumba hii ni yenu wote wawili, nusu kwa nusu, na asiuze mmoja bila mwenzake kuridhia. Cherehani ya mama yenu ni ya binti yangu. Baiskeli mpeni yule fundi wa kona aliyekuwa akiniziba pancha bila kununa. Cheti kile cha ukutani, chenye picha yangu nikipeana mkono na mkurugenzi, kishusheni kabla sijafa, kwa sababu sitaki watu wa msibani wakae chini yake wakinisifu.

Mji mzima unaniita Mzee Mara Tatu, nanyi mmekua mkilionea fahari jina hilo. Miaka ishirini na sita nimezunguka na kikapu cha chupa, bomba kwa bomba, nikichukua maji ya kupimwa maabara. Kila chupa hutoka kule imechemshwa na kufungwa, na chini yake mna chembe za unga mweupe, kiasi cha chumvi ya kunyunyiza kwenye yai. Hakuna aliyenieleza unga ule ni wa nini, nami sikuuliza, kwa kuwa nilikuwa mtu wa kujua. Niliuona uchafu. Basi kila nilipofika bombani niliisuuza chupa mara tatu, nikaitikisa, nikaimwaga, ndipo nikaijaza. Wenzangu nikawafundisha hivyo hivyo, na aliyesuuza mara mbili nilimrudisha bombani. Wakacheka, wakanipa jina, na kichwa kikanivimba.

Mnamkumbuka Bibi Unga? Hamkuwahi kumwona, lakini hapa mezani mtoto akichagua chagua chakula tulimwambia asiwe Bibi Unga, tukacheka sote. Yule alikuwa msichana wa maabara, amekuja na vyeti vyake vipya, na wiki yake ya pili akanifuata uani, akaninong'oneza ili asiniaibishe, kwamba unga ule haumwagwi. Akanieleza kuwa maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu, na dawa hiyo haiachi kazi eti kwa sababu imetiwa chupani. Unga ndio unaoizima, ili maabara iyaone maji jinsi yalivyokuwa pale pale yalipotoka. Ukiumwaga, dawa inaendelea kuua njia nzima, na chupa inafika imetakata, wakati mtoto aliyeinama bombani na kiganja chake alishakunywa yale yasiyotakata. Alinistahi, wanangu. Mimi nikaingia ndani nikayarudia maneno yake mbele ya ofisi nzima kwa sauti ya puani, watu wakacheka mpaka machozi yakawatoka, na mwaka haukuisha akaomba uhamisho.

Lakini maneno yake hayakuniacha. Asubuhi moja nikaenda kwenye bomba la mtaa wa chini, lile la karibu na mama chai, nikajaza chupa mbili, moja nimeisuuza na nyingine nimeiacha na unga wake. Nikazipima mwenyewe maabara, kila chupa na kisahani chake cha kuoteshea vijidudu, nikaviweka kwenye kabati la joto, na kesho yake nikafungua. Kisahani cha kwanza kilikuwa kitupu. Cha pili kilijaa vidoa vya buluu, ndiyo alama ya vijidudu vya choo, vingine vimepandana, hata kuvihesabu nisiweze. Nikavuta stuli nikalifunua daftari la ofisi. Miaka kumi na moja, kila ukurasa kwa mwandiko wangu: Safi, Safi, Safi.

Mnataka kujua baba yenu alifanya nini? Alikiosha kile kisahani kwa sabuni, akakifuta, akaandika Safi.

Mwezi ule ule binti wa mama chai akashikwa na homa ya matumbo. Alilazwa wiki sita, akarudi nyumbani hasikii, na hasikii hadi leo. Watu wakaanza kuulizana kuhusu bomba, ofisi ikanituma mimi. Nikasimama uani kwa yule mama, majirani wamejaa, nikafunua mitungi yake mmoja mmoja kama askari anayetafuta magendo, nikatangaza kwamba bomba halina neno, vyombo vya mama huyu ndivyo vichafu. Yule mama akasema, "Mzee, mitungi hii naisugua kwa mchanga kila siku. Lakini wewe ndiye unayejua maji."

Wateja wakamhama. Chai huchemshwa, hilo nililijua kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale, wala sikulisema. Baadaye nikazua habari kwamba bomba lile linavuja, mafundi wakafukua, wakalikuta limepasuka kando ya shimo la choo, wakabadilisha kipande. Nikajiambia nimeshatengeneza. Kumbe nilikuwa nimefukia.

Siku ile ya visahani nilimwambia mama yenu kwamba kuanzia leo maji ya kunywa yachemshwe. Akauliza kulikoni, si mume wake ndiye anayeyapima? Nikamweleza, yeye peke yake. Alinisihi niseme ofisini, mimi nikamuuliza watoto watakula nini, tukavutana wiki nzima, mwisho akanyamaza. Na wageni walipouliza kwa nini nyumba ya mpima maji ina sufuria jikoni kutwa, akasema ni tumbo lake bovu. Mama yenu hakuwa na tumbo bovu. Mlimtania nalo mpaka tunamzika, nami nilikuwa nikicheka pamoja nanyi.

Nipe kitambaa. Hapana, nitajifuta mwenyewe.

Sasa wewe, mwanangu wa kiume. Tangu siku ile mimi niliacha kusuuza, nikawa najaza chupa nimewapa watu mgongo. Lakini niliowafundisha sikuwaambia kitu, maana wangeniuliza nimejua lini. Nao wakafundisha wengine. Ulipoajiriwa ulirudi hapa jioni hujui uiweke wapi furaha yako, ukaniambia, "Baba, nasuuza mara tatu kama wewe." Nikakupiga begani, nikasema vyema. Ni miaka minne sasa. Usiinamishe uso, anayestahili kuinama ni mimi.

Kesho asubuhi nenda kwa mkuu wa maabara. Chini ya godoro hili kuna daftari dogo, mna tarehe na matokeo ya vile visahani viwili. Mwambie mabomba yote ya mji yapimwe upya kwa chupa zisizosuuzwa. Watakuuliza nani aliyeanzisha. Nitaje, wala usiseme mzee alikuwa mgonjwa, kwa sababu nilikuwa mzima wa afya.

Binti yangu, wewe nenda kwa mama chai. Usimlete hapa, nisije nikampa kazi ya kunihurumia. Simama uani kwake mchana, majirani wakiwapo, useme kwa sauti kubwa kama niliyoitumia mimi kwamba mitungi yake ilikuwa safi na baba yako alijua. Binti yake mwandikie kwenye karatasi asome mwenyewe. Wakikufukuza, ondoka bila kujibu. Na yule wa maabara mtafuteni popote alipo, mumwambie alisema kweli. Lile jina la mezani lisitamkwe tena humu ndani. Kaburini kwa mama yenu mwombeni radhi kwa utani ule. Mimi yangu nitamwomba... nikifika.

Ngoja nivute pumzi. Hizo za kwenye begi ni za leo? Ngapi? Sita. Na umezisuuza. Usizipeleke, mwanangu. Toka nazo uani ukazimwage, na mlango uache wazi nisikie.

Nishike mkono, mama, binti yangu. Mkono wako una joto. Mungu awape moyo wa kuuliza msichokijua, na mkikosea awape ulimi wa kusema siku hiyo hiyo. Nimewaridhia nyote wawili... sina kinyongo, nanyi mkiwa nacho juu yangu ni haki yenu. Nyamaza kidogo. Anamwaga. Hiyo ya kwanza... ya pili... Ya tatu. Mwambie asiishie hapo, mama. Zipo sita.