Mshipa wa Mzee Tok

Benchi la nyuma ya hospitali, pale Daegu, lina mashine ya kahawa ya vikombe vya karatasi na wenyeji wake watatu. Dokta Basi kaendesha basi miaka thelathini, na tangu mkewe alazwe hakuna ugonjwa asioujua. Bi Radi, dobi anayemuuguza kaka yake, hajui kunong'ona. Wa tatu ni Mansu, waliyembandika jina la Mtoto Mwema, maana wanaamini yeye ndiye aliyekatwa ini akampa baba yake, Mzee Tok. Aliyekatwa ni Yonhi, dada yake mdogo. Mansu hakudanganya, walipomsifu siku ya kwanza alinyamaza tu, na wiki ya sita sasa aibu inamla.

Juzi mzee alirudishwa wodini, tumbo limejaa maji. Madaktari wakakuta mshipa unaoondoa damu kwenye ini umebana. Asubuhi hii wanauzibua. Yonhi anasubiri juu mlangoni, Mansu kashuka benchini.

— Wanapitisha waya shingoni, alisema Mansu. Wanajaza kiputo pale palipobana, halafu wanaacha kibomba cha waya pasibane tena.

— Foleni hiyo, akasema Dokta Basi. Damu inaingia, haina pa kutokea.

— Foleni wapi, akadakia Bi Radi. Ini ni mgeni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hilo limepewa jembe, limegoma.

— Limegoma kwa kuwa ni la kijana. Linataka kwenda kuimba na wenzake, mzee saa mbili kalala.

— Basi mzee naye aimbe.

— Sitanii, mama. Ini linamjua mwenyewe. Huyu akinuna hapa, mshipa unajikunja kule. Wewe, jana ulikunywa?

— Sikunywa, alisema Mansu.

Alikunywa zamani, alipotakiwa yeye kutoa ini. Daktari alimwambia ini lake lina mafuta, apunguze kilo sita ndipo afae. Yeye ndiye kifungua mimba, tena wa kiume, na ukoo mzima ulimtazama. Mchana alitembea kando ya mto, mama yake akimhesabia hatua. Jioni alijifungia na kuku wa kukaanga na bia, makusudi, mizani isishuke. Alikiogopa kisu. Mizani haikushuka, na Yonhi akasema, basi nitatoa mimi.

Simu ikatetemeka. Ni Yonhi: mshipa umefunguka, damu inapita, baba anaomba maji.

— Umefunguka, alisema Mansu, na machozi yakamtoka.

— Si nilisema, akasema Bi Radi. Mcheza kwao hutunzwa.

Mwanamke mwenye nguo za wodi, aliyekuwa akingoja kikombe chake mashineni, akasogea.

— Samahani, kaka, nimewasikia. Kesho nampa mama yangu ini. Ni wewe uliyetoa?

— Ndiye huyu, akasema Bi Radi. Muulize lolote.

— Naogopa, kaka. Ukishazinduka, panauma wapi zaidi?

Dokta Basi, mwenye jibu la kila kitu, akamwachia Mansu. Mkono wa Mansu ukaenda ubavu wa kushoto, ukasita, ukahamia wa kulia.

— Sijui, alisema. Aliyetoa ni dada yangu, na sijawahi kumuuliza.