Bi Ukungu Anakwenda Kwake

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, Bi Ukungu atazima kompyuta ya chumba cha michoro baada ya miaka ishirini na saba. Hakuna aliyedumu kuliko yeye katika karakana yetu ya kuchapa fulana. Aliingia wakiwa watu wanne na meza moja.

Jina alipewa na wateja. Mtu huja na kijipicha cha kwenye simu, kimetumwa na shangazi kwa binamu mpaka kimechoka, naye anataka kijae kifua kizima. Bi Ukungu hukikuza, akamgeuzia kioo cha kompyuta ajionee, kisha akamwambia kwa upole kwamba picha ina ukungu. Lakini hakuwahi kumrudisha mtu. Alichora upya mstari kwa mstari, hadi mchoro ukaweza kukuzwa ukubwa wa mlango bila kuvunjika. Akatenga kila rangi peke yake, akahakikisha zikikutana haziachi mwanya. Maneno aliyasoma kuanzia mwisho kurudi mwanzo, na ndivyo alivyoziokoa fulana mia tatu za shule moja zilizokuwa tayari kutangaza “Elimu ni Ufinguo”. Sisi wengine tulikuwa tumeshayapitisha, tena kwa kujiamini.

Karibu miaka yote hiyo ameishi mbali na mumewe, fundi redio, aliyebaki mji wa kwao, mwendo wa siku nzima, akimuuguza mama yake. Bi Ukungu alishikwa huku na kazi na shule ya binti yao. Kila siku saa saba mchana simu yake hulia, naye huenda kuipokelea kwenye ngazi za nyuma. Hata nyumba yao ilijengwa kwa simu: yeye akisema dirisha la jiko litazame wapi, mume akipima kule. Akirudi kwenye kiti hukaa kidogo kabla ya kushika kipanya. Tulijifunza kutomsemesha.

Miaka minane iliyopita binti alihitimu. Bi Ukungu akaandika barua ya kuacha kazi, na sanduku akalifunga. Wiki hiyohiyo mchapaji mgeni alisafisha diski moja akidhani ni nakala, kumbe ndiyo yenyewe. Michoro ya miaka kumi na tisa ikafutika, na oda za shule tatu zilikuwa zinasubiri. Mchapaji huyo ni mimi ninayeandika haya. Sijawahi kukiri hadharani. Nakiri leo, mwenyewe akiwa bado yumo ndani ya jengo.

Meneja alipouliza nani kafanya, Bi Ukungu alijibu kwamba chumba cha michoro ni chake na kilichopotea humo ni juu yake. Kisha akatoka kwenda ngazini. Nilimfuata nimwombe radhi, nikamkuta amemaliza kuzungumza na mumewe, macho yamelowa. Alinieleza jibu alilopewa alipomwambia kwamba hatakwenda bado: “Kukungoja nimeshazoea. Ila usinizoeshe sana.”

Akaichukua barua yake mezani kwa meneja. Tukawaomba wateja watuletee fulana za zamani. Zikaja zilizopauka, zilizotoboka, na moja iliyokwisha kuwa tambara la kufutia baiskeli. Alizitandaza mezani, akachora kila alama upya. Shule zote tatu zilivaa kwa wakati. Kumaliza michoro mingine kulichukua miezi kumi na minne. Baada ya hapo ikaja kazi nyingine, na nyingine, maana kazi haijui kuaga. Kosa langu hakulitaja tena. Alinifundisha tu kuweka nakala mahali patatu, na kila Jumatatu aliniuliza kama nimeziweka.

Dada yetu, ahsante. Hatujapata wa kukaa katika kiti chako, na kusema kweli hatujamtafuta kwa bidii. Baadhi yetu tumeanza kukukumbuka ungali unapita koridoni. Tumekukopa kwa mwenye haki kwa muda mrefu mno, naye hakuwahi kutununia. Fika salama, umkute mzima. Mle pamoja, mzeeke pamoja, na Mungu awape siku nyingi kiasi cha kuchokana kama watu wengine.