Nani Kaziba Mlango?

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Kama kuna mzee hapo nyumbani, mwangalieni kwanza. Amekaa? Au anazungukazunguka? Haya, tuanze.

Leo tunamkumbuka Bi Mwahija binti Nassibu, wa Nyasubi, Kahama. Amefariki juma lililopita huko Geita. Hakufia Nyasubi, jamani. Amefia Geita. Lishikeni hilo, tutalirudia.

Twende nyuma, miaka ya thelathini, enzi za Mwingereza. Mwahija ni mama kijana. Mumewe, Akida, yuko Geita anachimba dhahabu, wala hana habari ya kurudi. Mwahija ana mtoto mgongoni, Mwanne, na ana baba wa kutunza. Baba huyo, Mzee Nassibu, alikuwa askari wa Mjerumani. Vita vilimwachia magoti mabovu. Sasa uzee nao umeanza kumpokonya akili, kidogo kidogo.

Wenzake wa chama cha beni, ile ngoma ya tarumbeta na vyeo vya kijeshi, walikaa wakapanga. Askari mzee asilale njaa. Asiwe mzigo wa nyumba moja. Kila mwezi ukiandama, ahamie kwa mwanachama mwingine. Mwezi huu kwako, mwezi ujao kwangu, kama Wasukuma wanavyokabidhiana ng'ombe wa kufuga.

"Mzee atakula kila nyumba kama mkaguzi!" alisema Zamoyoni, mkuu wa chama. Watu wakacheka. Mwahija naye akacheka. Alikuwa amechoka mno, akashukuru.

Mwezi wa kwanza ukapita salama. Wa pili, wasiwasi kidogo. Wa tatu, akiwa kwa Zamoyoni, mzee akapotea.

Mwahija alihangaika porini mtoto akilia mgongoni. Mfugaji mmoja, Jilala, ndiye aliyemwona. Mzee alikuwa amesimama wima kwenye lango la zizi, fimbo begani.

"Mama, huyu ananilindia ng'ombe tangu asubuhi," Jilala akasema. "Leo hata fisi hawakuthubutu."

Mwahija akacheka, lakini akamshika baba yake asimwachie. Je, kama fisi angefika kabla ya Jilala?

Mwezi ukaandama, ikawa zamu ya Mwahija mwenyewe. Mchana mmoja mzee akainuka atoke nje. Akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa nyuma. Akaupapasa. Akaupiga kwa kiganja.

"Nani kaziba mlango?"

Mwahija akashtuka. Kisha akakumbuka: kwa Zamoyoni, mlango uko upande ule. Kumbe baba yake bado yuko kwa Zamoyoni! Akamshika mkono, akampeleka mlangoni. Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Mzee alipouzoea mlango, mwezi ulikuwa umekaribia kuandama. Majirani walitazama juu kwa furaha. Mwahija aliomba mawingu, mwezi usionekane.

Ukaandama. Asubuhi yake watu wa chama wakaja. Mwahija amekaa kizingitini, mtoto anyonya.

"Shikamoo, Baba Zamoyoni."

"Marahaba, Mama Mwanne. Tutolee mzee, ni zamu ya mwenzio."

"Zamu naitaka. Mzee haondoki."

"Zamu gani hiyo sasa?"

"Hameni nyinyi. Mwenye zamu aje hapa na unga wake na kuni zake. Ampikie hapa, amwogeshe hapa. Mwezi ukiandama, aje mwingine."

"Kumbe jenerali wetu ananyonyesha!" mmoja akadakia. Wakaangua kicheko.

Zamoyoni hakucheka. "Tulishapanga. Ingieni mumchukue."

Mara mzee akainuka mle ndani. Akatembea polepole. Hakuupapasa ukuta. Akafika mlangoni, akamgusa binti yake begani.

"Nipishe, mwanangu, natoka."

Zamoyoni akavua kofia. "Kwangu alipiga ukuta kutwa nzima," akasema. "Nilidhani ananitukana."

Tangu hapo walihama wao. Kila mwezi alikuja mwanamke mwingine na chungu chake. Mzee Nassibu alifia nyumba ile ile, miaka baadaye, mlango wake akiujua.

Sasa turudi Geita. Mwanne, yule mtoto wa mgongoni, leo ni bibi. Anasema: "Kila mmoja wetu alimtaka mama. Basi tukagawana miezi. Kahama kwangu, Shinyanga kwa kaka, Geita kwa mdogo wetu. Huko Geita alikuwa anapiga ukuta, anauliza nani kaziba mlango. Wajukuu wakacheka. Siku moja alianguka akiutafuta, hakuinuka tena. Na hadithi ya babu nimeisikia maisha yangu yote! Semeni redioni, wengine wasikie."

Tumesema, Mama. Poleni sana, wana wa Bi Mwahija, wajukuu, na watu wote wa Nyasubi. Mungu amlaze pema.

Na wewe msikilizaji, ambaye kesho unamfungia mama yako nguo, basi linangoja, zamu ya ndugu yako imefika: zifungue hizo nguo. Mwambie ndugu yako aje yeye.