Baba wa Siku Kumi na Nne

Kaeni chini wanangu. Ibrahimu, zima hiyo simu. Zuwena, acha kunipepea, baridi ninayo ya kunitosha. Na wewe Bimdogo, dada yangu, vuta kigoda usogee, maana nitakayosema yanakuhusu wewe kuliko hawa wanaorithi. Alasiri imeshasaliwa, akili ninayo, ulimi ninao, na daktari ameniambia kwa adabu sana kwamba nisinunue kalenda mpya.

Mali haina maneno mengi. Nyumba hii ya Dunda na shamba la mihogo la Vigwaza, mwiteni sheikh agawe kama dini inavyogawa, kila mtu achukue chake. Friji msiligombee, limetangulia kufa. Jirani yetu Sufiani, aliyeusogeza ukuta wake hatua mbili ndani ya uwanja wetu, nimemsamehe, ila mwambieni baada ya kunizika, asije akafurahi mbele yangu.

Kilichonifanya niwaite ni amana. Nina kitu cha watu ndani ya nyumba hii, nimekaa nacho miaka hamsini na saba, na ninyi mnakitazama kila mkiingia. Inueni macho, hapo juu ya mlango, kwenye fremu.

Yule si babu yenu.

Nisikilizeni mpaka mwisho, kisha mtashangaa mkipenda. Mwaka wa sitini na nane nilikuwa karani wa maktaba ndogo ya mjini, na mwalimu mmoja Mmarekani aliyekuwa akirudi kwao akatuachia boksi lenye kadi hamsini, ndogo, zinaenea kwenye kiganja. Zamani sana huko kwao kampuni za sigara zilikuwa zikitia kadi moja katika kila pakiti, yenye picha ya mchezaji wa ule mpira wao, ambao mtu anarushiwa mpira, anaupiga kwa gongo, halafu anakimbia kuzunguka uwanja mpaka anarudi palepale alipoanzia, jambo ambalo faida yake sijaiona hadi leo. Nikaziandika daftarini, nikazipa namba, nikazifungia kabatini.

Wiki hiyohiyo Bimdogo alikuwa anaolewa. Baba yetu Bwanaheri alipanda meli kwa kazi ya ubaharia mwaka wa arobaini na saba, mimi nina miaka minne, Bimdogo yumo tumboni, na meli ikarudi bila yeye. Wengine wakasema kabaki Marekani, wengine wakanyamaza. Picha hakuacha. Siku tatu kabla ya nikahi dada yangu akagoma kula, akasema kila mwali ana baba wa kumlilia, yeye hana hata wa kumtazama. Mimi ndiye niliyekuwa walii wake, na nilikuwa kijana wa kumaliza mambo upesi. Nikaenda kazini nikachagua namba thelathini na moja, mtu wa masharubu na macho ya upole. Karatasi ilikuwa imeungua kwa uzee, uso wake umekuwa rangi ya chai ya maziwa, na sisi upande wa baba tuna damu ya Waarabu wa Kishihiri, basi akafaa. Nikajaza hati ya kuazima kama kanuni inavyotaka: jina langu, namba ya kadi, siku kumi na nne. Jina la mwenyewe lililochapwa chini nikalibandika kipande cha karatasi. Nikamwambia dada yangu kwamba baharia mmoja wa Pangani kaileta, pamoja na salamu.

Akaibusu, akala, akaolewa. Siku kumi na nne zikapita, na mtu wa kwenda kumnyang'anya bibi harusi baba yake sikuwa mimi.

Kisha yakaanza maswali. Kofia yenye herufi na soksi za magotini, nikasema sare ya meli. Na lile gongo begani? Nikasema la kufukuzia papa. Nililisema mara moja tu, tena kwa kukosa la kusema. Kufikia Ramadhani papa alikuwa mmoja. Mlipozaliwa ninyi walikuwa watatu. Juzi mjukuu wangu wa Chalinze kaandika insha shuleni, wamefika saba, na mwalimu kampa alama zote. Kila Alhamisi baada ya magharibi Bimdogo humsomea Yasini huyo bwana wa mpira, na sijui huko aliko anaona zinatoka kwa nani.

Wiki iliyopita akaja binti mmoja wa maktaba, jina lake Adila. Wanapiga picha vitu vya zamani, na maktaba moja ya Marekani yenye kadi za namna hii imeomba kuona zetu. Boksi lina kadi arobaini na tisa na ile hati ya kuazima yenye mwandiko wangu. Aliniamkia, nikaitikia, akakaa hapo chini ya fremu. Bimdogo akamletea kahawa, kashata na papa wote saba, na yule binti akasikiliza mpaka wa mwisho, akainua macho, nikaona ameitambua. Akasema, "Hongera, bibi." Mlangoni akaniambia polepole kwamba atarudi Jumatatu. Angenifokea ningepona.

Kesho ni Jumatatu. Ibrahimu, utamkabidhi kadi mkononi, usiikunje, na ile karatasi niliyobandika usiibandue, aibandue mwenyewe anayejua. Hati yangu ya kuazima aichane ukiona. Siendi kuulizwa kaburini na kadi ya watu ikiwa ukutani kwangu.

Bimdogo, usinyanyuke, magoti yako... Haya, umeishusha. Iweke mapajani. Unasemaje? Sema kwa nguvu, wasikie.

"Basi wangu mimi yukoje, kaka?"

Miaka yote hukuniuliza, kwa sababu nilikujibu kabla hujauliza. Sura yake siijui, Bimdogo. Nilikuwa na miaka minne, na wa miaka minne anaona magoti. Niliona haya kumpa mwali magoti. La kushoto lilikuwa na kovu lililopinda kama ukucha wa kidole gumba, nikichoka kusimama ndilo nilikuwa nikilishika. Alinuka mafuta ya papa, yale ya kupaka vyombo vya baharini. Huenda uongo wangu ulitokea hapo. Siku ya kuondoka alichuchumaa, uso ukashuka mpaka kwangu, lakini jua lilikuwa nyuma yake nikafumba macho. Akaushika mkono wangu akauweka juu ya tumbo la mama.

Maji, Zuwena. Kidogo tu.

Akasema, "Huyu akija, mpe salamu zangu." Basi, hayo tu. Kwanza nilikuwa mtoto, nikasahau. Siku ya kadi nikakumbuka, lakini nilikuwa nimeshakutungia salamu ndefu za yule baharia, na hii fupi ikakosa pa kukaa.

Wanangu, Mungu awape kauli njema na riziki isiyo na kelele. Nimewaridhia wote, nami niridhieni. Fremu atajua Bimdogo.

Sogea, dada. Sauti inaniacha. Nimechelewa na salamu hii miaka sabini na minane.

Assalamu alaikum, kasema Bwanaheri.

Itikia. Nataka nikusikie ukiitikia.